Dhahabu, Bodi ya Simu na Mizani

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wa Gitega na wa Muyinga. Katika Suratul-Hadid, aya ya 25, Allah anataja vitu vitatu kwa kufuatana: Kitabu, mizani, kisha chuma. Mitume walipewa Kitabu na mizani ili watu wasimame kwa uadilifu, na papo hapo tunaambiwa juu ya chuma, chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Madini hayakutajwa peke yake, yamekuja nyuma ya mizani. Mpangilio huo unatuhusu sana, kwa kuwa wengi wetu tunasomea umeme, kompyuta au uchumi, na nchi yetu imekalia madini yanayotafutwa duniani.

Fundi akifungua simu yako utaona bodi yenye njia nyembamba za shaba. Shaba ikiachwa wazi hupata kutu na risasi ya kulehemu haishiki vizuri. Kwa hiyo viwanda vingi huipaka nikeli, unene wa maikromita 3 hadi 6, na juu ya nikeli huweka dhahabu ya maikromita 0.05 hadi 0.1 tu. Unywele wa mtu una maikromita 70 hivi. Dhahabu hiyo basi ni kama unywele uliopasuliwa mara elfu! Na kazi hii inazidi kuwa nyeti, kwa sababu vipande vinavyobandikwa juu ya bodi vinazidi kuwa vidogo. Ziko kapasita za milimita 0.4 kwa 0.2, karibu sawa na punje ya chumvi ya mezani, nazo hutaka uso ulionyooka kabisa. Viwanda vingine sasa huongeza tabaka la paladi kati ya nikeli na dhahabu, na vingine huzika vipande ndani ya bodi yenyewe. Mhandisi akikosea kipimo kidogo tu, kiungio hakishiki na bodi nzima inatupwa.

Huo ndio uangalifu wa mizani unaofanyika kiwandani. Sasa tuteremke mpaka kwenye shimo.

Dhahabu huchimbwa kwa mikono huko Butihinda, Muyinga. Nikeli iko Waga, upande wa Gitega, bado ardhini, na ng'ambo ya mpaka wa Kobero iko ya Kabanga, wilayani Ngara. Sisemi kwamba dhahabu ya simu yako imetoka Butihinda. Dhahabu ikishayeyushwa haina tena kabila wala kijiji. Ndiyo maana Marekani, kwa sheria ya mwaka 2010, ilizitaka kampuni zake zichunguze asili ya bati, tantali, tungsteni na dhahabu zinazotoka Kongo na nchi jirani, nasi tumo. Ulaya ilifuata kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Lakini sheria hizo zililenga zaidi fedha za makundi yenye silaha. Mapatano ya faraghani kati ya mnunuzi na mchimbaji ni juu yetu wenyewe kuyaangalia.

Na mapatano hayo, katika machimbo mengi ya eneo letu la Maziwa Makuu, huwa hivi: mnunuzi humpa mchimbaji faranga leo, za chakula, sururu na pampu ya maji. Mchimbaji huahidi kumletea dhahabu itakapopatikana, kwa bei ya chini kuliko ya soko, wala haruhusiwi kumuuzia mwingine. Wote wawili huita huo msaada.

Tuupime kwa sheria. Katika hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.), aliyoipokea Muslim, dhahabu kwa dhahabu huuzwa sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na aina zikitofautiana mnaweza kupandisha na kushusha bei, mradi iwe mkono kwa mkono. Wanachuoni wengi wa zama zetu wamezipa noti hukumu ya dhahabu na fedha. Kwa hiyo faranga za leo kwa dhahabu ya mwezi ujao ni riba ya kuchelewesha, hata kama bei ingekuwa nzuri. Na ukisema ni mkopo tu, sharti la kukuuzia wewe kwa bei ya chini ni manufaa yanayovutwa na mkopo, nayo pia ni riba.

Nasisitiza hapa kwa sababu jambo hili limo ndani ya nyumba zetu. Wapo miongoni mwetu ambao ada zao hulipwa na kaka aliye shimoni. Wapo pia ambao ada zao hulipwa na mjomba anayekaa juu na mizani yake. Na kijana mwenye akiba kidogo akisikia faida ya biashara hii, moyo humwenda mbio.

Mlango wa halali haujafungwa. Nunua dhahabu iliyokwisha patikana, lipa hapo hapo, kwa mizani ambayo mchimbaji anaiona na kuiamini. Ukitaka kutoa mtaji, ingia ubia: wewe pampu, yeye kazi, na mgawane kinachopatikana kwa fungu mlilokubaliana, na hasara ya mtaji uibebe wewe. Ukitaka kusaidia, kopesha bila sharti.

Mtu mwingine atanitajia hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba mgodi hauna dhamana, yaani aliyeporomokewa hana wa kumdai. Hadithi ni sahihi. Ila fiqhi inajua pia kwamba mwenye kuvuka mipaka au kufanya uzembe hubeba dhamana. Aliyemteremsha mtu kwenye shimo lisilo na magogo ya kuegemeza kuta, huku akijua litaanguka, au aliyempa zebaki aishike kwa mikono mitupu na kuichoma jikoni kwake, asijifiche nyuma ya hadithi hii.

Mwenye mapatano ya namna hii nyumbani kwao ayaandike kama yalivyo, bila kuyapamba, amwonyeshe sheikh wa msikiti wake kabla ya faranga nyingine kutoka mfukoni. Na aanze kwa kumuuliza kaka yake: gramu ya mwisho uliilipwa kiasi gani, na siku hiyo mjini ilikuwa bei gani?

Wallahu a'lam.