Maji ya Juzi

Mjomba wangu wa Jambiani, mashariki ya Unguja, hapigi simu asubuhi. Asubuhi kwake ni ya bahari. Simu ni baada ya Alasiri, akishaoga na kukaa barazani. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye kioo saa nne na robo, nilijua kuna jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu niambie, hilo jedwali lako linasema leo maji yanapwa saa ngapi?"

Nikalifungua. "Saa nne na dakika ishirini. Bamvua."

Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Bamvua gani, mjomba? Haya maji mafu, na hivi sasa yamejaa. Nimesimama hapa na mwalimu wa huko kwenu Dar, ana watoto thelathini waliokuja kutembea hadi mwambani. Mwamba wenyewe hauonekani."

Jedwali lilikuwa limeganda kwa siku saba. Lilionekana zima, rangi zake zipo, saa zake zimepangika, na juu yake neno "Leo" kwa herufi nene. Ningekuwa nimekusudia kudanganya watu nisingepata siku nzuri kuliko hiyo. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Zidisha kwa saba, unakaribia saa sita, na saa sita ndiyo nafasi iliyopo kati ya maji kupwa na maji kujaa. Yaani jedwali langu halikukosea kidogo, lilikuwa limesema kinyume kabisa.

Niseme kwanza jinsi nilivyoingia katika mambo haya, maana mimi si baharia wala mtaalamu wa kompyuta. Nimezaliwa kando ya maji nikahamia mjini, basi. Mtu akishahama, anaanza kupiga simu nyumbani kuuliza vitu alivyokuwa akivijua bila kuuliza. Bamvua ni lini? Wanawake wameenda mwani? Ukulima wa mwani wa biashara ulianza pwani ile ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na ratiba yake si ya ofisi yoyote, ni ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huwa bamvua: bahari hupwa mbali katikati ya asubuhi, na hapo ndipo watu huingia mashambani mwao. Wiki inayofuata maji ni mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Mjomba hajawahi kuhitaji jedwali. Anautazama mwezi, anahesabu vidole, amemaliza.

Mimi niliyesahau kuhesabu nikatengeneza tovuti yenye jedwali la maji. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alibuni mashine ya kutabiri maji: magurudumu na waya mmoja, kila gurudumu likibeba mvuto mmoja wa mwezi au wa jua, na waya ukiyajumlisha yote. Mvuto mkubwa kuliko yote hujirudia kila saa 12 na dakika 25. Leo kazi ile ya magurudumu inafanywa na mistari michache ya programu. Sikuona ugumu hapo.

Ugumu uko kwa kibarua. Ndivyo ninavyoiita ile programu ndogo ya cron, iliyomo katika kompyuta za aina ya Unix tangu miaka ya 1970, ambayo kazi yake ni moja: saa uliyoiandikia ikifika, inaamka na kutenda uliloagiza. Kibarua wangu alitakiwa kuamka kila usiku saa sita na dakika tano, apige hesabu ya siku mpya, abandike jedwali, alale. Hadai mshahara, haombi ruhusa ya msiba. Nikajisifu kwamba nimejenga kitu kinachojiendesha.

Kumbe kibarua ana mwenye nyumba. Kampuni iliyohifadhi tovuti yangu ilinunuliwa na nyingine, na hiyo nyingine ikaamua kwamba wateja wa bei ya chini hatutakuwa tena na kazi za kujiendesha. Tangazo lilikuja kwa barua pepe, likakaa katikati ya matangazo ya viatu, nami sikulisoma. Tovuti iliachwa wazi kama kawaida. Aliyefukuzwa ni kibarua peke yake, na hakuniaga.

Hiyo ndiyo wiki ya mwalimu na watoto thelathini.

Nikamhamishia kibarua sebuleni, kwenye kompyuta ya mkononi iliyochakaa, betri yake imekufa siku nyingi. Alifanya kazi vizuri hadi usiku ambao umeme wa LUKU uliisha, nami nimelala na simu yenye pesa ya kutosha kununua mwingine. Siwezi kumlaumu yeyote kwa hilo. Nikatafuta seva Ulaya, nafuu na imara, nikasahau kuwa wenzetu kule husogeza saa. Kibarua nilikuwa nimempangia saa nne na dakika tano za usiku wa kule, ambazo majira ya baridi ni saa sita na dakika tano huku. Jumapili ya mwisho ya Machi wakasogeza saa zao mbele; huku kwetu ikawa anaamka saa tano na dakika tano, siku haijabadilika bado. Akawa anapiga hesabu ya jana na kuibandika kama ya leo, kosa la dakika 50 tu, ambalo mtu wa mjini hawezi kuligundua akiwa ameshika simu.

Mjomba aligundua. Tena aliongeza swali ambalo sijalijibu mpaka leo: kwa nini jedwali linabadilika saa sita za usiku? Kwake siku huanza jua likitua. Ikishaadhiniwa Magharibi, tumeingia kesho.

Usidhani ni sisi wadogo tu tunaoyumba hivi. Kumbukumbu ya majira ya saa za dunia nzima, ile ambayo simu na kompyuta huitegemea kujua Dar es Salaam ni saa ngapi wakati New York ni saa ngapi, ilitunzwa kwa miaka mingi na Arthur David Olson pamoja na watu wa kujitolea, ikiwa kwenye seva ya mwajiri wake, taasisi ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani. (Humo, kwa taarifa yako, Dar es Salaam ni jina jingine tu la Nairobi. Watani wa jadi wasisikie.) Mwishoni mwa Septemba 2011 kampuni moja ilifungua kesi kudai taarifa za saa za zamani zilitoka kwenye vitabu vyake, na Oktoba hazina yote ikaondolewa hewani. Baada ya siku chache shirika la kimataifa linalosimamia majina ya intaneti, ICANN, likaichukua, na mwaka uliofuata kesi ikaondolewa. Nilipoisoma habari hiyo nilipumua kidogo. Kisha nikaogopa zaidi, maana mimi sina ICANN.

Lakini hofu yangu ilikuwa mahali pasipo pake. Nilikuwa nawaza tovuti kuzimika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubahatisha, na siku hizo tovuti yangu haikufunguka kwa watu wengi huku. Kibarua alikuwa mzima Ulaya, anabandika kila usiku, sisi ndio tuliokatika. Nilimpigia mjomba kumwomba radhi. Akanikumbusha kwamba Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, na hakuna siku maji yaliyoacha kujaa. Hakuna aliyedhurika kwa jedwali lisilofunguka. Mtu alipokosa kuliona, aliuliza mwenyeji au alikwenda ufukweni kutazama.

Aliyekaribia kudhurika ni yule aliyeliona na kuliamini. Siku ya mwalimu tuliponea kwa kuwa alikuta maji yamejaa, akawaacha watoto waogelee kandokando. Angefika saa tatu baada ya maji kupwa, mwamba bado unaonekana, jedwali likimwambia kwamba bahari inaendelea kutoka, angewatoa watoto wale mbali kuelekea mwambani na maji yakirudi kwa nyuma yao. Pwani ile maji hayaji kama wimbi. Huingia kwanza kwenye mifereji, kimya, na mgeni hushtukia amezungukwa. Mjomba ameshawahi kwenda na ngalawa kuchukua watu waliokuwa wamesimama juu ya jiwe moja, viatu mkononi.

Nimefanya kazi nyingi za kuajiriwa, na nakiri kuwa humo nimewahi kubandika "maji ya juzi" mara nyingi: ripoti yenye tarehe mpya na takwimu za zamani, "nipo njiani" nikiwa bado sijavaa. Nilikuwa naona ni adabu, kumpunguzia mtu wasiwasi. Tangu simu ile ya saa nne na robo, sioni hivyo.

Kwa hiyo sikununua seva nyingine. Niliandika mistari sita ya ziada kwenye ukurasa wenyewe. Sasa, kabla ya kukuonyesha chochote, jedwali linatazama tarehe yake na kuilinganisha na saa ya simu yako. Zikitofautiana, linajifunika lote, na juu yake panatokea maandishi mekundu: "Hesabu hii ni ya siku nyingine. Usiitumie." Neno "Leo" nimelifuta, nimeweka tarehe kamili. Nywila zote nimeziandika nyuma ya kalenda iliyoko ukutani kwa mjomba, na binti yake, anayesoma sekondari, ameshafundishwa namna ya kumwamsha kibarua.

Mwezi uliopita seva ilileta matatizo tena na maandishi mekundu yalikaa siku mbili nzima. Mimi nilikuwa safarini, sikujua. Mjomba hakupiga simu.

Ukienda pwani ya mashariki na ukayakuta hayo maandishi, usisubiri nirekebishe. Wanawake wanaorudi na magunia ya mwani mbichi kichwani wanajua maji yamegeuka saa ngapi. Wasalimie kwanza, kisha waulize.