Tawakali ya Fundi Redio

Katika mashamba ya Kidichi, Unguja, jirani na hamamu ambayo Sultani Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrzad, mkewe wa Kiajemi, wako vijana ambao jioni, baada ya shughuli za mikarafuu na midalasini, hukaa barazani wakafungua televisheni mbovu, amplifaya na inverta, si kwa tamaa ya ujira bali kwa kutaka kujua kilichomo ndani; na miongoni mwao husikika kauli ambayo wengi huihesabu kuwa ni imani: mtu hafi ila siku yake imefika, basi ya nini kuogopa waya?

Kwamba ajali ya kila nafsi imeandikwa, sina la kupinga. Ninalolipinga ni mahali inapotumiwa itikadi hiyo.

Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, lakini ukishapita kwenye daiodi na kuwekwa ndani ya kapasita kubwa ya saplai hufikia kiasi cha volti 325, na kapasita hiyo haina habari kwamba plagi imechomolewa. Katika televisheni za kioo cha kizamani, ambazo Unguja ilizijua mapema, kwani matangazo ya rangi yalianza hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, transfoma ya flaibeki hupeleka volti 20,000 na zaidi kwenye kioo, nacho hata kikishamwagwa chaji huweza baada ya dakika chache kurejewa na sehemu yake, kwa hivyo fundi mwenye adabu ya kazi hukimwaga tena kabla hajakigusa.

Nilimtazama mmoja wa namna hiyo, mtu mzima. Hakufungua boksi mpaka plagi iwe mezani mbele ya macho yake, akavua pete, akasimama na kandambili zake za mpira juu ya ubao mkavu, maana sakafu wakati wa masika hutoa jasho, mkono wa kushoto akautia mfukoni, ili umeme ukimpiga usivuke mkono hadi mkono kupitia moyoni, ambako makumi machache ya miliampia yatosha kuvuruga mapigo, na kwa mkono wa kulia, kwa koleo yenye mpini wa mpira, akaegesha rezista ya kilo-omu 2 kwenye miguu ya kapasita, si bisibisi kama wafanyavyo wenye pupa, kisha akapima kwa mita hata ikakaribia sifuri. Kijana mmoja akacheka.

“Ami, mbona waogopa hivyo? Kwani ajali si ya Mungu?”

“Na mfuko je, mwanangu, ni wa nani?”

Jawabu hilo lina nasaba ndefu. Sayyidna Umar alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, akapata habari kuwa tauni imeenea huko, aliazimu kurejea. Abu Ubayda, amiri wa jeshi la Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari moja kuiendea nyingine.

Hata hivyo naona lipo la kuongeza. Kadari ni katika mambo ya ghaibu, haijulikani ila baada ya kutokea. Basi atiaye mkono ndani ya saplai akisema siku yake haijafika, amedai kuyajua yaliyofichwa, na akisema huenda imefika lakini hajali, amejitia kwenye maangamizi, jambo lililokatazwa na aya ya 195 ya Suratul Baqara. Kwa njia zote mbili, tawakali haijapata pa kuingia.

Zito zaidi ni haki ya mwenzio. Kisiwa kilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta zilienea kila mtaa. Na mtu akichomeka jenereta kwenye soketi ya nyumba bila kuikata laini kuu, umeme hurudi nyuma hadi transfoma, ukapandishwa kuwa maelfu ya volti, ukamfika fundi aliyepanda nguzo kwa yakini kwamba waya umekufa. Huyo hakushauriwa. Wanazuoni wamemtwika dhamana mtu atibuye watu ilhali hakuisoma tiba, nami sioni kwa nini hukumu hiyo isimfikie aunganishaye jenereta pasi na chenjiova, yaani swichi ya kuitenga jenereta na laini kuu, madhali chenjiova zauzwa madukani mjini na kila fundi anazijua.