Msimwage Matope Baharini

Enyi wafugaji wa kamba, nisikilizeni kabla hamjavuna!

Mnajua usiku wa mavuno ulivyo. Maji yamekupwa, wavu umefungwa langoni, mbao zinang'olewa mojamoja, kamba wanaruka huku nyinyi mnapiga hesabu ya kilo. Nani kati yenu hutazama kinachopita wavuni? Kwanza hutoka maji ya kijani. Bwawa likibaki na kina cha magoti, hutoka matope meusi yanayonuka kama mayai viza. Hicho ni chakula mlichokinunua kwa fedha zenu! Katika naitrojeni yote iliyomo ndani ya chakula, takriban robo tu hugeuka nyama ya kamba. Iliyobaki mnamsukumia jirani.

Na jirani ni nani? Ni mama anayeokota chaza mikokoni. Ni mfugaji mwenzenu anayevuta maji katika mkondo uleule. Virusi vya doa jeupe vilipoingia Ekuado mwaka 1999, kamba walikufa mabwawani kwa wingi. Anayemwaga maji ya bwawa linalougua humpelekea mwenzake msiba, na maji yakijaa humrudia mwenyewe.

Huko India walingoja mpaka mahakama ikaingilia kati. Tarehe 11 Desemba 1996 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku mabwawa ya kisasa ya kamba ndani ya mita 500 kutoka maji yanapofika yakijaa, ikaamuru waliochafua walipe. Sisi tunangoja nini?

Tazameni chano cha chakula bwawani kabla ya kulisha. Kikiwa na mabaki, msiongeze hata konzi moja. Chimbeni bwawa la kutulizia. Yale maji ya mwisho, ndugu zangu, yale meusi, yasiguse mkondo! Yakae humo mpaka matope yazame, kisha yapite penye chaza wachuje chembe, na penye mwani ufyonze mbolea iliyoyeyuka. Matope yakaushwe juani, mbali na mikoko na visima, maana yana chumvi. Bwawa likiugua, fungeni lango, tieni klorini, na msiachie tone mpaka klorini iishe nguvu.

Mtasema bwawa la kutulizia linakula eneo. Naam, linakula, na faida inapungua. Lakini faida inayolipiwa na mama wa chaza si yenu. Asiye na nafasi ya kutuliza maji yake apunguze kamba. Asiyetaka kupunguza, aache kufuga.