Hesabu ya Joho la Uwakili

Wapo vijana wenye shahada ya sheria ambao mahakamani bado hawaruhusiwi kumtetea mtu. Hapa Tanzania shahada peke yake haikufanyi wakili. Sharti upite Shule ya Sheria, na huko nako kuna ada, nauli, kodi ya chumba na ile suti nyeusi.

Wakati huo deni la mkopo wa chuo linasubiri. Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa mwenye deni hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, basi 120,000 zinaondoka kabla hajazigusa. Mwaka 2021 Serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Uamuzi wa haki kabisa ule, maana wengi walikuwa wakilipa huku deni likizidi kukua.

Mkopo wenyewe siupingi. Bila huo watoto wengi wa wakulima wasingeisoma sheria. Ninachohofia ni kusaini bila kuuliza. Mzazi, kabla fomu haijajazwa, kaa na mwanao mpige hesabu mpaka siku ya kuapishwa uwakili, msiishie kwenye mahafali.