Elimu ya Bahari ni Amana ya Nani?

Kabatini mwangu mna madaftari kumi na moja, mengine yameingia harufu ya pweza isiyotoka hata ukiyaanika. Kwa miaka sita nilikuwa nashuka dikoni kijijini kwetu, kusini mwa Unguja, nina mzani wa kuning'iniza, ubao wa kupimia na kalamu. Kila ngalawa iliyorudi niliiandika: samaki gani, kilo ngapi, wa dema au wa mshipi, wametoka mwamba upi. Jioni nasomesha chuo. Kazi hizo mbili nilizihesabu kuwa mbali mbali mpaka siku tulipofika mlango wa wadia.

Wadia ni mali uliyowekeshwa. Katika fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafi, mtunzaji huihifadhi pale panapohifadhiwa mali ya namna ile. Dhahabu haiachwi barazani. Ikipotea bila ya uzembe wake, halipi. Lakini mwenyewe akiitaka, na mtunzaji akachelewesha bila ya udhuru, ikipotea ni dhamana yake. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akauliza, "Maalim, na kama amana si kitu cha kushika? Mtu kakwambia jambo tu?" Nikamjibu kuwa siri nayo ni amana. Jibu lilikuwa sahihi, na usiku ule sikulala.

Katika daftari la nne mna ukurasa wa chewa. Alinipa mzee mmoja mvuvi, tukiwa wawili chini ya mkungu, baada ya mwaka mzima wa kunitazama nikipima samaki wake bila ya kusema neno. Alinichorea mchangani kwa kidole: utoke mpaka mnara wa msikiti ukae juu ya mvinje mkubwa, kisha ufuate maji mpaka rasi ya kusini ifunguke kiasi cha kupita ngalawa moja. Hapo, bamvua la mwezi mpevu, miezi miwili ya kaskazi, chewa hukusanyika kuzaa. Yeye alikuwa akivua wawili watatu na kurudi. Baba yake alimfundisha hivyo.

Niliandika, kwani ndiyo kazi niliyolipwa. Alama za mzee zikageuzwa namba, namba zikaingia kwenye ramani, ramani ikaingia kwenye ripoti. Kaskazi iliyofuata, mashua za mashine tusizozijua zilitia nanga pale pale, mnara juu ya mvinje. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Maalim, ulimwambia nani?" Sikuwa na jina hata moja la kumtajia. Nilikuwa nimewaambia watu wote.

Wako wanaosema elimu haina mwenyewe, na kuificha ni dhambi. Siwapuuzi, maana wana hoja nzito. Mwaka 2004, kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Pweza huishi muda mfupi na hukua haraka mno. Akiwa mdogo anaweza kukaribia kuzidisha uzito wake maradufu kwa mwezi. Wamalagasi wangeificha habari hiyo, Kisiwa Panza kule Pemba kisingefunga mwamba wake kwa mtindo huo huo, na akina mama wanaokwenda pwani kwa miguu na michokoo yao wasingefaidika siku ya kufunguliwa. Elimu ile ilivuka bahari kwa kuwa kuna watu walioandika, wakapima, wakaambizana.

Lakini elimu ya kanuni na elimu ya mahali si sawa. Kwamba pweza hukua haraka ni maji ya kisima: kila anayeteka, wenzake hawapungukiwi. Kwamba chewa huzaa pale, usiku ule, ni ufunguo wa nyumba ya mtu. Kisima ukikifunika umedhulumu. Ufunguo ukiutundika sokoni umedhulumu vile vile. Mtafiti anayetaka kuwa mwaminifu itabidi ajue mkononi mwake ameshika kipi, na mfadhili anayemtaka aanike kila takwimu itabidi aulizwe swali hilo hilo kabla fedha hazijatoka.

Na fedha ndizo zilizonifanya niandike haya. Utafiti niliokuwa nikiuandikia dikoni ulikuwa wa miaka mitatu, ukaongezwa mitatu mingine, ukafungwa. Binti aliyeusimamia alikuwa mtu mwema. Aliniahidi kuwa tutarudi dikoni tuwasomee wavuvi tulichokiona. Bajeti ilikuwa na fungu la mafuta ya boti, fungu la kompyuta, fungu la mkutano wa nje. Fungu la kurudi halikuwamo. Fedha zilipokwisha alihamia kazi nyingine, na madaftari yakabaki kwangu. Wavuvi waliniuliza mwaka wa kwanza. Wakauliza wa pili. Kwa hukumu ya wadia, mwenyewe ameshaitaka mali yake, na udhuru wetu ulikuwa mmoja tu: mkataba umeisha. Amana haina tarehe ya kuisha. Mwenye kuikabidhi kwa fedha za miaka mitatu amemtwika mwenziwe mzigo asiokusudia kumsaidia kuutua.

Silaumu ufadhili wenyewe. Bila ya huo tusingejua hata haya machache. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari, WIOMSA, iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake hapa Zanzibar, kuanzia 2000 iligawa fedha za Sweden kupitia mpango wake wa utafiti wa MASMA, ikipendelea watafiti wa nchi mbalimbali wafanye kazi pamoja. Ni haki iwe hivyo. Mkondo wa pwani yetu hutiririka kaskazini, na yai la samaki aliyezaa Mafia halisimami forodhani kabla ya kuingia Kenya. Nchi moja haiwezi kuijua bahari hii peke yake, na masikini mmoja hawezi kuilipia.

Ila mababu zetu walikuwa na umbo jingine la kutoa. Mtu alitenga minazi au duka, asili haiuzwi, tunda linatumika: mafuta ya taa ya msikiti, mshahara wa mwalimu wa chuo, mwaka baada ya mwaka, yeye keshazikwa. Hiyo ndiyo wakfu. Nimeona Shelisheli wamelikaribia umbo hilo. Mwaka 2015 walianzisha kwa sheria mfuko wa SeyCCAT, uliotokana na kubadilishwa kwa sehemu ya deni la nchi kuwa fedha za kuhifadhi bahari, na sehemu ya fedha zake imewekwa akiba ya kudumu. Mwaka 2018 wakatoa hatifungani ya buluu ya dola milioni 15. Hatifungani ina riba, na hilo silitetei. Ninalolitamani ni ile akiba: kwamba yupo mtu atakayelipwa mwaka wa kumi kushuka dikoni na kusema, hiki ndicho tulichokitoa kwenu, na hiki ndicho kilichopatikana.

Mimi sina akiba, nina madaftari. Baada ya Idi iliyopita niliyafunga kwa kanga ya mke wangu nikashuka nayo. Wavuvi walikaa chini ya mkungu, na watoto wa chuo wakakaa nyuma yao. Nilianza kusoma tangu ukurasa wa mwanzo, siku kwa siku, ngalawa kwa ngalawa. Kilo za tasi za mwaka wa kwanza zilipotajwa, vijana walidhani nimekosea kusoma. Mjane mmoja alisikia jina la ngalawa ya mumewe akaniomba nirudie, nikarudia mara tatu. Mzee alinisahihisha mara moja: siku ile hakurudi na dema, alirudi na mshipi. Nikakata, nikaandika alivyosema.

Tulipofika daftari la nne, wavuvi wageni wa dago walikuwa wameshuka kwenye mashua yao, wamesimama pembeni wakisikiliza. Nilimtazama mzee. Akatikisa kichwa kidogo. Nikapindua kurasa mbili kwa pamoja na kuendelea na siku iliyofuata.