Apolo Alihama, Hakuanza Upya

Somo: Matendo ya Mitume 18:24–28



Leo tuzungumze juu ya vijana wetu wanaosomea ualimu, hasa wale waliohama chuo kimoja wakaingia kingine. Tunao hapa kanisani. Wengi wao ndio wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo. Baba ni wa bodaboda, mama anauza omena sokoni. Nyumbani hakuna wa kuwaeleza uniti ni nini, wala ombi la uhamisho linapitia wapi.

Kijana akitaka kuhama, anapeleka ombi kupitia KUCCPS na kungoja chuo kipya kimkubali. Akifika, huenda akaambiwa masomo mengine aliyofaulu hayatambuliwi, ayarudie. Muda unaongezeka, na karo vilevile. Wenzake aliowaacha wanaenda mazoezi ya kufundisha, yeye yuko darasani na wageni. Halafu Jumapili anakuja kanisani, anasikia mtu nyuma yake akinong'ona: "Huyu alishindwa kule." Wapendwa, mtoto aliyestahimili hayo yote anaweza kuvunjwa na neno hilo moja. Wako wanaofunga sanduku kimya kimya na kuacha masomo.

Sasa mtazameni Apolo. Alizaliwa Aleksandria, kule Misri. Maandiko aliyajua, na ulimi wa kufundisha alikuwa nao. Lakini alipofika Efeso, elimu yake ilikuwa na pengo: alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila wakamsikia. Je, walimwaibisha mbele ya watu? Hapana. Walimwambia arudi Aleksandria akaanze upya? Hapana! Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Aliyoyajua yalibaki, wakaongeza yaliyopungua.

Sisi watu wa mpakani tungeelewa jambo hili kuliko wengine. Trela likitoka Mombasa na mzigo wa Kampala, likifika Malaba haliambiwi lirudi likapakie tena. Karatasi zinakaguliwa, linapita. Na hapa Busia, kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi mwaka 2018 ili msafiri asisimame pande zote mbili. Anakaguliwa upande anaoingia, basi. Ikiwa gunia la simiti linaheshimiwa hivyo, si zaidi miaka ya mtoto wetu?

Tushike mambo matatu.

Kwanza, mwenye kazi ya mikono anaweza kumlea msomi. Prisila na Akila walikuwa washona mahema. Tena walikuwa wametoka Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, kwa hiyo kuhama walikujua. Mama, usiseme, "Mimi sikusoma, nitamwambia nini?" Mwandalie chakula, muulize wiki ilikuwaje, omba naye. Na wewe mwanafunzi, usimdharau mama kwa sababu hajui uniti. Apolo, pamoja na elimu yake yote, alikubali kufundishwa na washona mahema.

Pili, kanisa liliandika barua. Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo na kuwaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Kijana wetu akienda chuo cha mbali, asiende mikono mitupu. Tumpigie mchungaji wa huko simu. Na anayekuja Alupe kutoka mbali, akute mlango wetu uko wazi.

Tatu, Apolo alifika, akafaa. Kule Akaya aliwasaidia sana walioamini. Aliyekuwa na pengo akawa mwalimu wa wengine. Hapa kwetu kuna watoto wanaotoka shule za ng'ambo, upande wa Uganda, wakaingia madarasa ya Kenya, mtaala mwingine kabisa. Nani atamtambua mtoto huyo aliyekaa nyuma kimya? Ni mwalimu aliyewahi kuwa mgeni darasani.

Alupe yenyewe ni ushuhuda. Wazee wanakumbuka enzi ambazo jina hilo lilitajwa na watu wakafikiria ukoma tu. Leo ukitoka Busia kwenda Malaba unapita chuo kikuu, kilichopata hati yake mwaka 2022, na walimu wanafunzwa pale. Jina la jana halikumzuia Mungu. Basi, "alishindwa kule" litamzuiaje?

Mwambie jirani yako: "Mimi nitakuwa Prisila." Kisha ufanye. Kila ushirika wa nyumbani uchukue mwanafunzi mmoja wa ualimu muhula huu: chakula cha Jumapili, nauli ukiweza, na maombi. Tukimsikia mtu akimnong'ona, tumnyamazishe kwa upendo.

Baba, wakumbuke watoto wetu waliohama. Usiache hata siku moja ya masomo yao ipotee bure. Katika jina la Yesu, Amina.