Jina Juu ya Shaba: Uchongaji wa Mapambo Nyumbani na Deni la Anayeyavaa

Swali la iwapo jina lililochongwa kwenye pambo ni mali ya anayelivaa, au ni deni analobebeshwa, limewashughulisha wanadini na wanafalsafa kwa karne nyingi, ijapokuwa mara chache limejadiliwa kwa kuitazama kazi yenyewe ya fundi. Katika miaka ya karibuni swali hilo limeingia majumbani, kwa kuwa zana za kuchongea metali, ambazo zamani zilikuwa za sonara na mhunzi, sasa zinauzwa kwa bei inayomwezesha mtu kuandika jina la mchumba au la mtoto kwenye pete akiwa mezani kwake. Makala haya yanalitazama swali hilo kutoka Gitting, kata ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, kwa sababu katika eneo hilo na katika Mbulu jirani wanaishi Wairaqw na Wadatoga, na kwa Wadatoga hasa, mambo mawili yanayohusika hapa, yaani pambo la shaba na heshima ya jina, yametunzwa kwa uangalifu mkubwa.

Wadatoga, ambao tawi lao la Wabarabaig limeishi kuuzunguka Mlima Hanang kwa vizazi vingi, ni wafugaji ambao wanawake wao hujulikana kwa bangili za shaba ya manjano zilizopangwa mkononi moja juu ya nyingine, kwa mapambo ya masikio ya metali hiyohiyo, na kwa chale zinazochanjwa kuyazunguka macho. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, unaoyeyuka kwenye joto la nyuzi 900 za Selsiasi au zaidi kidogo, kutegemea kiasi cha zinki kilichomo. Mhunzi wa Kidatoga, ambaye wageni wengi humwona siku hizi karibu na Ziwa Eyasi, huipata metali hiyo kutoka kwenye makufuli mabovu na koki za maji. Huiweka ndani ya chungu kidogo katikati ya makaa, akavuvia kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi mpaka iyeyuke, akaimimina kwenye kalibu yenye umbo la mfereji, na ikishaganda akaifua na kuipinda. Nakshi ndiyo kazi ya mwisho, nayo ni mistari inayokwenda sambamba, mistari inayokatana, na alama fupifupi zinazopigwa kwa tindo, yaani patasi ya kukatia metali. Hakuna herufi hata moja. Kufuli huingia motoni likiwa na jina la kiwanda kilicholitengeneza, na bangili hutoka bila jina la mtu yeyote.

Anayechonga nyumbani huanzia mahali pengine, kwa maana yeye hutaka jina, na metali hununuliwa ikiwa imekwisha kufanywa bamba au pete. Njia ya kwanza aliyonayo ni ya tindo na nyundo ndogo, ambayo haiondoi metali bali huisukuma pembeni, na ubora wake hutegemea zaidi jinsi kitu kilivyoshikwa kuliko nguvu ya mkono: bamba hulazwa juu ya gogo au juu ya lami iliyopashwa moto ikapoa, kwa sababu likicheza hata kidogo herufi hupinda. Fundi mwenye busara huchonga bamba likiwa bado limenyooka, kisha ndipo alipinde kuwa bangili, na kama shaba imekuwa ngumu kwa kufuliwa huilainisha kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu hafifu kabla ya kuipinda. Njia ya pili ni ya kalamu ya chuma kigumu yenye ncha iliyonolewa kwa mshazari, inayosukumwa kwa kiganja na kuinua uzi mwembamba wa metali. Hii ndiyo njia ya masonara wa zamani, inayodai mazoezi mengi, na hakuna inayotoa mstari safi kuliko huo. Mashine ndogo ya umeme yenye ncha ya almasi hurahisisha kazi, lakini ncha inayozunguka hupenda kukimbilia upande wa mzunguko wake, kwa hiyo asiye na subira huishia na mikwaruzo, na vumbi lake hudai miwani na barakoa.

Njia nyingine, inayowavutia wasio na mkono mwepesi, ni ya kuila metali kwa kemikali. Bamba husafishwa kwa msasa na sabuni, hupakwa nta au rangi ya kucha, na jina huandikwa kwa sindano ili shaba ionekane pale tu herufi zinapopita. Kisha bamba hutumbukizwa, uso ukitazama chini ili uchafu unaotoka udondoke, katika maji yaliyoyeyushiwa feriki kloridi, chumvi ya chuma inayotumiwa pia na mafundi wa bodi za elektroniki. Kina cha herufi hutegemea muda, joto na nguvu ya mchanganyiko, na kazi husimamishwa kwa kuosha bamba kwa maji na magadi ya kuokea. Mchanganyiko huo haufai kukutanishwa na aluminiamu, kwa kuwa huchemka kwa ghafla, wala haufai kumwagwa kwenye mfereji au kijito, kwa kuwa shaba iliyoyeyuka ndani yake ni sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Hatari kubwa zaidi humngoja anayetaka kuiga kazi ya mhunzi na kuyeyusha shaba ya manjano jikoni: zinki huanza kutoka kama moshi mweupe, na anayeuvuta kwa wingi hupata homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Katika njia hizi jambo moja linastahili kutazamwa kwa makini na mwenye kufikiri, nalo ni kwamba jina lililochongwa halina mwili wake. Maandishi ya wino ni kitu kilichoongezwa juu ya karatasi, ilhali herufi iliyokatwa au iliyoliwa na kemikali ni pengo, yaani sehemu ambayo metali haimo tena, na anayetaka kulifuta jina hilo hana budi kuondoa metali zaidi mpaka uso wote ushuke kufikia kina cha herufi. Jina la namna hii humgharimu anayelibeba, na ndiyo maana mtazamo wa kulifikiria kama mali, kama kwamba mtu huandika jina ili kusema pambo hili ni langu, unaonekana kuwa na upungufu. Upungufu huo huonekana vizuri zaidi pale jina linapokuwa la mtu mwingine.

Hapo desturi ya Wadatoga inafungua mjadala. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hatakiwi kulitamka jina la baba mkwe wake, wala majina ya wakubwa wengine wa upande wa mume, na heshima hiyo, iitwayo giing'aweakshooda, huenda mbali zaidi ya majina yenyewe, kwa maana mwanamke huyo huyaepuka hata maneno ya kila siku yanayofanana nayo kwa sauti, akiweka mahali pake maneno mengine ambayo wanawake wenzake wanayaelewa. Mwanaisimu Alice Mitchell, aliyeichunguza desturi hiyo na kuandika juu yake mwaka 2015, ameonyesha kwamba hii ni sehemu hai ya lugha, yenye kanuni zake na msamiati wake. Sasa na ichukuliwe kwamba kijana wa Gitting anamchongea mkewe bangili, akiandika jina lake yeye mume likifuatiwa na la baba yake, kama vyeti vinavyotaka. Mke atavaa mkononi jina ambalo ulimi wake umekatazwa. Je, kulivaa ni kulitamka?

Jibu la haraka ni kwamba metali haina sauti, na kwamba desturi inahusu kinywa. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu dini zilizoandika majina kwa karne nyingi hazikuwahi kukubali kwamba jina lililo kimya ni jina lisilokuwepo. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wamehesabu kuwa ni karaha mtu kuingia msalani na pete yenye jina la Mwenyezi Mungu ikiwa wazi, ingawa hakuna anayelitamka. Mapokeo ya Hadithi yanaeleza pia kwamba Mtume Muhammad alipotaka kuwaandikia watawala wa nchi za mbali aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri, ndipo akafanyiza pete ya fedha iliyochongwa maneno ya utume wake, na akawakataza watu wengine wasichonge maneno hayohayo katika pete zao. Pete hiyo ilivaliwa baada yake na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris mjini Madina isionekane tena. Katika habari hiyo jina halikuchongwa ili kumpamba mvaaji. Lilichongwa ili litoke kwake likawafikie wengine na kuwahakikishia kwamba ahadi iliyomo baruani ni ya kweli, na makhalifa walioivaa walikuwa wakibeba jina lisilo lao, pamoja na wajibu wote uliofungamana nalo.

Kitabu cha Kutoka kinasema jambo la aina hiyo kwa namna nyingine. Kuhani Haruni anaagizwa avae mabegani mawe mawili ya shohamu yaliyochongwa, kama muhuri unavyochongwa, majina ya wana wa Israeli, sita katika jiwe moja na sita katika la pili, kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao. Jina lake mwenyewe halimo. Sura chache baadaye, Haruni huyohuyo anapokea pete za dhahabu kutoka masikioni mwa watu, anazigeuza kuwa ndama, na maandiko yanaitaja waziwazi zana ya kuchongea aliyoitumia. Wafafanuzi wengi huzitenganisha habari hizi mbili, moja ikiwa ya ibada halali na nyingine ya uasi, lakini msomaji anayejua kazi ya tindo huona kwamba uchongaji hutumika kwa yote mawili, na kwamba kinachotofautisha ni mwelekeo wa deni: mawe ya mabegani yalimfanya kuhani awajibike kwa watu, ilhali ndama aliwaondolea watu wajibu, akiwapa kitu cha kukitazama mahali pa Mungu wa kumtii.

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu nafsi, alisema kwamba hisi hupokea umbo la vitu bila kitu chenyewe, kama nta inavyopokea alama ya pete bila kupokea chuma wala dhahabu. Mfano huo umetumiwa sana kueleza maarifa, lakini unaitazama nta na kuiacha pete. Pete haikupokea alama yake kwa ulaini wa nta. Iliipokea kwa kukatwa, na tangu siku hiyo haiwezi kutoa alama nyingine.

Labda ndiyo sababu jamii nyingi zilimwogopa aliyekata. Miongoni mwa Wadatoga wahunzi ni wa ukoo wao peke yao, Gidang'odiga, na kwa desturi watu wa koo nyingine hawaoani nao, kwa kuwa huhesabiwa kuwa na unajisi unaoweza kuwadhuru wengine. Watu walewale wanaovaa bangili kwa fahari wamemweka mbali aliyezitengeneza. Ubaguzi huo haustahili kutetewa: unamnyima mtu ndoa na heshima kwa sababu ya kazi ambayo jamii nzima inaihitaji, na hakuna mila inayoweza kuugeuza kuwa haki. Hata hivyo, chini ya ubaguzi huo limo wazo ambalo mchongaji wa nyumbani amelipoteza bila kujua, yaani kwamba kuigeuza metali kwa moto na kuweka alama itakayokaa juu ya mwili wa mtu ni tendo lenye uzito. Wazo hilo linaweza kuhifadhiwa bila mtu yeyote kutengwa, ikiwa uzito utahamishiwa kwenye tendo na kuondolewa kwenye damu ya fundi.

Pingamizi moja lazima lisikilizwe, kwa kuwa historia ya Hanang yenyewe inalileta. Mashamba makubwa ya ngano yaliyoendeshwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, kuanzia miaka ya 1970, yalichukua malisho mengi ya Wabarabaig, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa ni kwamba makaburi ya wazee wao, yale matuta yaitwayo bung'eda yanayojengwa kwa mazishi ya heshima, yalilimwa na matrekta. Matuta hayo yalikuwa alama kamili kwa waliojua kuyasoma, na hayakusema kitu kwa aliyekuja na ramani. Mtu anayetoka katika historia ya namna hiyo ana haki ya kutamani herufi zilizokatwa kwa kina, zinazosomeka na mgeni, na asiyependa jina la baba yake lipotee hastahili kukaripiwa kwa kulichonga. Deni lililoelezwa hapo juu haliondoki kwa sababu hiyo, ila linapata mdaiwa wa pili, yaani mgeni ambaye naye anatakiwa kujifunza kwamba mstari usio na herufi unaweza kuwa na mwenyewe.

Kwa kijana anayemchongea mkewe, basi, zipo njia zaidi ya moja za kuwa mwaminifu. Anaweza kuchonga jina lake pekee na kuliacha la baba yake. Anaweza kuliweka jina upande wa ndani wa bangili, linapogusa ngozi na kusomwa na mvaaji anapolivua pambo. Au anaweza kurudi kwenye mistari, akipatana na mkewe na wazee wa pande zote mbili ni mistari mingapi na inakatana wapi, kisha akaichonga kwa tindo kwenye bamba lililonyooka kabla ya kulipinda, ili bangili ibebe makubaliano ambayo wahusika wote wanayajua na ambayo mke anaweza kuyaeleza kwa mtu yeyote bila kutamka jina alilokatazwa.